Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchomeka kompyuta nyumbani

Anza na lebo. Ipo chini ya adapta ya laptopu, mgongoni mwa monita, na ubavuni mwa pawasaplai (sanduku la ndani linaloigawia umeme) ya kompyuta ya mezani. Maandishi yake ni madogo kiasi kwamba wengi hupiga picha kwa simu na kuikuza ndipo wasome, na hiyo ni njia nzuri tu. Tafuta mstari wenye neno INPUT. Ukikuta 100–240 V, 50/60 Hz, kifaa kinapokea umeme wa karibu nchi yoyote na kilichobaki ni umbo la plagi. Ukikuta volti 120 peke yake, kifaa hicho kilitengenezewa nchi zenye umeme wa volti ndogo, na kwenye soketi ya 220 hadi 240 hakitamaliza dakika. Kigeuza-plagi cha bei rahisi hakibadilishi volti hata moja. Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazozidi zile za kifaa.

Pawasaplai za zamani zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikiwa kwenye 115 huku ukuta unatoa 230, kapasita mbili za ndani (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme), ambazo kila moja kwa kawaida hustahimili volti 200 hivi, hulazimika kubeba zaidi ya 300. Utasikia mlipuko kabla hujaona chochote kwenye skrini. Kinyume chake, yaani 230 kwenye umeme wa 115, kwa kawaida mashine hugoma kuwaka tu. Kompyuta iliyotumika ikitoka nchi nyingine, swichi hii ikaguliwe kabla ya jambo lolote.

Kwa adapta ya kubadilishia, soma mstari wa OUTPUT. Volti ziwe zilezile za adapta ya awali. Ampea ziwe sawa au zaidi. Zikizidi hazina madhara kwa sababu kompyuta huvuta kiasi inachohitaji, lakini zikipungua adapta huchemka na kufa mapema. Tazama pia mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Adapta za USB-C hupatana na kompyuta zenyewe kuhusu volti, hivyo hapo cha kuangalia ni wati.

Sasa nembo. Watu huziamini kupita kiasi, au hawazitazami kabisa. CE inahusu soko la Ulaya, na kwa vifaa vingi vya kompyuta ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti. Haimaanishi kuna maabara ya serikali iliyoipima mashine yako. Kwa kawaida herufi zake zisipungue milimita 5 kwa kimo, na zinachorwa kutokana na duara mbili, kwa hiyo kati ya C na E hubaki nafasi inayoonekana wazi. Zikiwa zimebanana, aliyechapa lebo hakufuata kanuni, na mtu asiyefuata kanuni ya kuchora herufi mbili haaminiki sana kwenye unene wa nyaya. (Ile habari kwamba CE iliyobanana ni nembo rasmi ya bidhaa za China ni uzushi.) UL na TÜV zina uzito mwingine, kwa kuwa nyuma yake kuna taasisi huru iliyopima sampuli. Nembo halisi ya UL kwa kawaida huambatana na namba ya faili, nyingi zikianza na E, na namba hiyo inatafutika mtandaoni. Ukiitafuta ukaletewa kampuni ya feni, umeshapata jibu.

Kiwango cha usalama cha kimataifa kwa kompyuta siku hizi ni IEC 62368-1. Kilichukua nafasi ya IEC 60950-1, na huko Ulaya na Marekani mpito ulikamilika tarehe 20 Desemba 2020. Mashine ya zamani yenye kiwango cha zamani haijawa hatari kwa sababu hiyo; ila kifaa kinachodaiwa kuwa kipya kabisa huku kikitaja kiwango cha zamani peke yake kinastahili maswali.

Nembo ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inahusu zaidi mawimbi kuliko moto au shoti. Kwa nyumbani unataka kifaa cha daraja B. Daraja A ni la maofisini na viwandani, na kikiletwa sebuleni kinaweza kuvuruga redio na televisheni, hata za jirani. Kwa ruta ya Wi-Fi, kabla ya kuanza kuitumia weka nchi uliyopo kwenye mipangilio. Si urembo: kwenye 2.4 GHz Marekani hutumia chaneli 1 hadi 11, Ulaya 1 hadi 13, na nguvu ya mawimbi inayoruhusiwa hutofautiana. Kudanganya nchi ili kuongeza nguvu ni kosa la kisheria mahali pengi, na wala simu yako haitapata nguvu mpya ya kuijibu ruta kutoka mbali.

Lebo, hata ikiwa ya kweli, ni ahadi yenye masharti, na masharti yenyewe yamo ukutani. Kifaa chenye alama ya mraba ndani ya mraba kina insuleta maradufu na hakihitaji ethi, yaani waya wa kushusha umeme ardhini. Kisicho na alama hiyo, na chenye plagi ya pini tatu, kinategemea waya wa ardhini kukulinda. Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Dalili yake inajulikana: unagusa kasha la chuma la kompyuta ukiwa miguu mitupu, linakutekenya. Wengi hudhani mashine imeharibika. Mara nyingi ni nzima. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja kutoka laivu (waya unaoleta umeme) hadi kwenye kasha na nyingine kutoka nyutro (waya unaourudisha) hadi kwenye kasha, na umeme mdogo unaopita humo hutakiwa kushukia ardhini. Ethi ikikosekana, kasha hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Ampea zake ni chache mno kukuua, lakini siku laivu itakapogusa kasha kwa hitilafu halisi, hakutakuwa na njia nyingine ya umeme isipokuwa wewe. Kukata pini ya tatu ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili ni kujitengenezea hali hiyohiyo kwa mkono wako.

Kuna kipima-soketi cha kuchomeka chenye taa tatu, kinachoonyesha kama ethi haipo au laivu na nyutro zimebadilishana. Kinunuliwe, ila kijulikane mpaka wake: hakitofautishi ethi nzuri na ethi dhaifu, na nyutro ikibadilishana na ethi hakitaona. Hayo ni ya fundi umeme mwenye vipimo. Ulizia pia kama ubao wa umeme una RCD, yaani swichi inayojikata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Ikiwapo, bonyeza kitufe chenye T. Isipokata umeme mara moja, ibadilishwe.

Hesabu ya mzigo ni rahisi: wati gawanya kwa volti upate ampea. Ekstensheni iliyoandikwa 13 A kwenye volti 230 inabeba karibu wati 2,990, lakini ikiwa tu waya wake unalingana na maandishi. Usome ubavuni. H05VV-F 3G0.75 maana yake nyaya tatu, mmojawapo ukiwa wa ethi, kila mmoja milimita za mraba 0.75, na waya huo huhesabiwa ampea 6, yaani wati 1,380. Kwa ampea 13 unahitaji 1.25 au 1.5. Waya usio na maandishi yoyote, mwepesi mkononi, uache dukani. Sumaku nayo husaidia: shaba haivutwi, kwa hiyo nyuzi zikivutwa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Kompyuta, monita na ruta kwa pamoja mara nyingi hazifiki hata wati 500. Kinachovuruga hesabu ni printa ya leza, ambayo inapopasha moto roli lake huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Iende kwenye soketi yake ya ukutani, na kamwe isiwekwe kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Pasi na birika la umeme zisikaribie ekstensheni ya kompyuta. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, na ile ya kuzungusha kwenye gurudumu ikunjuliwe yote, kwani ikibaki imeviringwa joto lake halina pa kutokea na plastiki huyeyuka kutoka ndani.

Kwenye UPS, VA (volti mara ampea) si wati. Nyingi za VA 650 hutoa wati 360 hadi 400 tu. Betri zake za risasi hudumu takriban miaka mitatu hadi mitano, hata zisipotumika. Kizuia-mawimbi cha umeme, kinachomeza volti zinazopanda ghafla, nacho huchakaa: kila mshtuko hula sehemu ya uwezo wake, na taa ya ulinzi ikizimika kimebaki kuwa ekstensheni ya kawaida. Hakizuii umeme uliopanda na kubaki juu kwa muda mrefu. Hapo panahitajika kifaa kinachokata volti zikizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha.

Betri ya laptopu iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe, wala isibanwe irudi mahali pake. Na pawasaplai isifunguliwe hata ikiwa imechomolewa, kwani kapasita zake hubaki na volti 300 na zaidi kwa muda.

Ukimaliza haya, chomeka kompyuta peke yake bila printa wala spika, iwashe, uiache nusu saa ikifanya kazi. Halafu gusa plagi, gusa mwili wa ekstensheni, gusa waya kwa urefu wake. Adapta kuwa na joto ni kawaida. Plagi kuwa na joto si kawaida, na mara nyingi chanzo chake ni soketi iliyolegea: zima, mwite fundi aikaze au aibadilishe, ndipo uongeze kifaa cha pili.