Gari la Ulaya Linapopunguza Kulanti: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kulitengeneza

Magari mengi ya Ulaya yanayoletwa kwenye gereji yetu hapa Kizota, Dodoma, yakiwa yameunguza gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku), yalianza kwa kupunguza kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupoozea injini, kidogo kidogo, huku mwenye gari akiongeza maji ya bomba kila asubuhi na kuamini kwamba tatizo limekwisha. Mwongozo huu unahusu BMW 325i ya umbo la E90 yenye injini ya N52, ambayo ndiyo ninayoifungua mara nyingi zaidi, ingawa ukaguzi wa mwanzo unafaa pia kwa Volkswagen, Audi na Mercedes-Benz.

E90 haina geji ya joto la maji kwenye dashibodi. Dereva huonywa kwa taa, na taa ikishawaka injini huwa tayari imepata moto kupita kiasi, kwa hiyo usiisubiri.

Hatua ya kwanza ni kulikagua gari likiwa limelala usiku kucha, kwa sababu kufungua mfuniko wa tanki la kulanti injini ikiwa na moto kunaweza kukubabua uso na mikono. Mulika tochi kwenye maungio ya tanki, kwenye shingo za mipira na chini ya wota pampu (pampu inayozungusha kulanti), ukitafuta ukoko mkavu uliobaki pale kulanti ilipovuja na kukauka.

Usipoona kitu, funga pampu ya kupimia mgandamizo mahali pa mfuniko, ujaze hewa hadi mgandamizo wa bar 1.5, kisha uangalie mshale kwa dakika kadhaa; ukishuka, kuna mahali panavuja. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, nami naisisitiza kuliko zote. Nilipokea gari lililochemsha kwenye mlima wa Sekenke, ambalo lilikuwa limekwisha kubadilishiwa rejeta mahali pengine bila mafanikio. Nilipojaza mgandamizo, ufa usiofika urefu wa njiti ya kiberiti ulianza kutoa jasho kwenye mshono wa tanki, na nilipoutoa mgandamizo ufa huo ukajifunga kabisa. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ni mgandamizo pamoja na dawa ya kulanti vinavyoyazuia yasichemke ndani ya injini.

Mshale ukitulia na bado gari linachemsha, lipime kwa kompyuta kabla ya kufungua chochote, kwa kuwa wota pampu ya N52 huendeshwa kwa umeme, si kwa mkanda, na hitilafu zake huandikwa kwenye kumbukumbu ya gari. Tafadhali usikubali fundi atoe themostati, yaani vali inayoongoza mzunguko wa kulanti kulingana na joto, ili gari lipoe. Themostati hiyo huongozwa na kompyuta. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Agiza kipuri kwa kutumia tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi, hata kama muuzaji wa Kariakoo anakuhakikishia kwamba zote zinafanana. Ukibadilisha wota pampu, badilisha na themostati, pamoja na boliti za aluminiamu zinazoishikilia pampu, ambazo hazirudiwi.

Sasa jaza kulanti inayotakiwa na mtengenezaji, nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye njia nyembamba za rejeta. Funga mfuniko, unganisha chaja ya betri, washa swichi bila kuwasha injini, washa taa za mbele, weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni yake kwenye mwendo wa chini, halafu kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho kwa sekunde 10. Utasikia wota pampu ikianza kuvuma yenyewe. Iache kwa takriban dakika 12 itoe hewa yote, kisha ongeza kulanti hadi karibu na alama ya juu.

Endesha mjini siku hiyo, na asubuhi inayofuata angalia kimo cha kulanti kabla ya kuwasha injini. Kama kimeshuka, rudi kwenye pampu ya mgandamizo, na safari ya Dar es Salaam isubiri.