Kukata picha bila kukata watu: alama ambazo mhariri lazima azione kwenye mfumo wa kuchapisha

Chukua picha ya kawaida kabisa ya dawati la habari: mgeni rasmi anakata utepe upande wa kulia, mkurugenzi amesimama kushoto, nyuma yao bango. Imefika ikiwa na pikseli 4000 kwa 3000. Mfumo utaihitaji katika maumbo manne: 16:9 juu ya habari, 1:1 kwenye orodha ya simu, 1200 kwa 630 kwa kiungo kinachosambazwa Facebook, na 4:5 kwa Instagram. Mhariri anakata ile ya kwanza, anaridhika, anabonyeza Chapisha. Zilizobaki mashine imezikata yenyewe, katikati, bila kumwonyesha mtu. Kwenye 4:5 mkurugenzi amebaki nusu uso, na maelezo ya picha bado yanasema "kushoto".

Lawama humwangukia mhariri, ilhali kifaa cha kukatia ndicho kilichomficha kinachoachwa nje na kropu, yaani vipande vilivyokatwa, ambazo hakuna aliyezitazama. Maelekezo haya ni ya wanaotengeneza au kurekebisha kifaa hicho, wawe wamekiandika wenyewe au wamekijenga juu ya maktaba ya msimbo kama Cropper.js.

Pazia na mstari wa mpaka

Nje ya fremu, kile kisanduku kinachoonyesha sehemu itakayobaki, weka pazia jeusi lenye giza la asilimia 50 hadi 60. Ukifika asilimia 90 kropu itapendeza machoni, lakini aliyeachwa nje haonekani tena, na huyo ndiye anayepaswa kuonwa na mhariri. Kwa CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, inatosha kuipa fremu kivuli kimoja kikubwa, `box-shadow: 0 0 0 9999px rgba(0,0,0,.55)`, huku kisanduku kinachoibeba kikiwa na `overflow: hidden`. Ukisahau hilo la pili, pazia litafunika ukurasa mzima, pamoja na kitufe cha Hifadhi.

Kisha jaribu kwa picha ya mechi ya usiku. Pikseli yenye mwanga wa 20 kati ya 255 ikipita chini ya pazia la asilimia 55 inakuwa 9, na macho hayaoni tofauti. Ukuta mweupe wa 240 unakuwa 108, mpaka unaonekana wazi. Ndiyo maana mpaka unahitaji mistari miwili iliyobanana: pikseli 1 nyeupe ndani, pikseli 1 nyeusi nje. Popote fremu itakapopita, mmoja wao utaonekana. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya wavuti ifikiwe na watu wote, inadai utofauti wa mwanga wa angalau 3:1 kwa alama za aina hii. Mstari mweupe peke yake haufikii hapo juu ya kanzu au mawingu.

Mistari ya theluthi, ile inayogawa fremu mara tatu, ionekane tu wakati fremu inaburutwa. Ikibaki muda wote inakuwa uchafu juu ya nyuso.

Vishikio

Kishikio, alama ya kuvutia kona au upande wa fremu, kinaweza kuonekana kidogo, pikseli 10 au 12, lakini eneo linalopokea mguso liwe kubwa zaidi: pikseli 24 kwa 24 ndicho kiwango cha chini cha WCAG 2.2, na kwa wanaokata kwa simu weka 44. Vishikio vya kona vinne vikisogeleana kwenye kropu ndogo, maeneo hayo hupandana na kidole hushika kona isiyokusudiwa. Dawa yake ni kuvisogeza vishikio nje ya fremu pale fremu inapopungua chini ya pikseli 100 kwenye skrini.

Uwiano ukifungwa, ondoa vishikio vya pembeni na ubakize kona tu. Mtu akivuta upande wa kulia wa kropu ya 16:9 na urefu nao ukabadilika, atadhani programu ina kasoro. Weka na alama ya kufuli karibu na jina la kropu. Jina lenyewe litaje mahali, si hesabu peke yake: "Juu ya habari, 16:9", "Kiungo cha Facebook, 1200 × 630". Mwandishi wa zamu ya usiku hana sababu ya kukariri uwiano.

Kuburuta kuwe na mbadala. Vitufe vya mishale visogeze fremu pikseli 1 ya picha halisi, na Shift pamoja na mshale pikseli 10. Picha ya upana wa 4000 ikionyeshwa kwa 800, pikseli moja ya skrini ni tano za picha, kwa hiyo kipanya hakiwezi kufikia usahihi ambao kibodi inaufikia.

Kitovu cha picha

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Badala ya kumlazimisha mhariri akate mara nne, mpe nukta moja aiweke mahali penye habari, na kropu zote zijipange kuizunguka. Superdesk, programu huria ya vyumba vya habari, ina nukta ya namna hii. Ihifadhi kama sehemu ya upana na ya urefu wa picha, kati ya 0 na 1, usiihifadhi kwa pikseli, ili ibaki sahihi picha ikipunguzwa.

Turudi kwenye utepe. Uso wa mgeni rasmi uko pikseli 2700 kutoka kushoto na 700 kutoka juu. Wa mkurugenzi uko 900 kutoka kushoto. Kropu ya 4:5 ina upana wa 2400. Ikikatwa katikati inaanzia 800 hadi 3200, na ukingo unapita usoni mwa mkurugenzi. Kitovu kikiwekwa usoni mwa mgeni rasmi, kropu inahamia 1500 hadi 3900 na mkurugenzi anatoweka kabisa. Kikiwekwa kati yao, kwenye 1800, yaani 0.45, kropu inakwenda 600 hadi 3000 na wote wawili wanabaki. Kwa 16:9 nukta hiyohiyo, ikiwa kwenye 0.23 kutoka juu, inaisukuma fremu hadi ukingo wa juu, na pikseli 750 zote zinazokatwa zinatoka chini, kwenye viatu na zulia.

Mhariri hawezi kupiga hesabu hiyo kichwani. Kwa hiyo, anapoisogeza nukta, vijipicha vya kropu zote nne viwe kando yake vikibadilika papo hapo, kila kimoja kikiwa na umbo lake halisi. Vikionekana baada tu ya kubonyeza Hifadhi havimsaidii. Nukta yenyewe ichorwe kwa duara lenye mistari miwili kama fremu, lenye tundu katikati, isije ikafunika jicho la mtu.

Hali ya kila kropu

Chini ya kila kijipicha andika mojawapo: "Imekatwa na mfumo", "Imethibitishwa", "Ndogo mno". Tumia neno na alama pamoja. Nyekundu na kijani peke yake havifai kwa wasiotofautisha rangi hizo. Picha ikibadilishwa ndani ya habari, hali zote zirudi "Imekatwa na mfumo" na kitovu kirudi 0.5. Kosa la kawaida ni mfumo kubakiza vipimo vya picha ya zamani, kisha picha mpya ikatoka na kropu ya dari.

Onyo la "Ndogo mno" litokee wakati fremu inapungua, likiwa na hesabu zake: "640 × 360, inahitajika 1200 × 675". Kwa vipimo hivyo picha itavutwa karibu mara 1.9 na itatoka na ukungu. Mstari wa fremu nao ugeuke wa vidoti. Lakini usimzuie mhariri kuendelea: picha ya ajali iliyopigwa na mpita njia huenda ndiyo pekee iliyopo. Mwonyeshe pale pale njia ya kutoka: picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na aliyeituma anaweza kuirudia kama dokyumenti.

Maelezo ya picha yakiwa na "kushoto", "kulia" au "wa pili kutoka", onyesha sentensi hiyo chini ya kila kijipicha. Hakuna haja ya mashine kutambua nyuso. Mhariri akiyaona maneno na kropu pamoja atajua mwenyewe.

Majaribio kabla ya kuwapa dawati

Andaa picha tano: mechi ya usiku, mtu mwenye kanzu mbele ya ukuta mweupe, kundi la watu kumi na wawili, picha ya kusimama iliyopigwa kwa simu, na picha ya upana wa 640. Ile ya simu ndiyo hufichua kosa baya zaidi. Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika mwelekeo wake kwenye EXIF, taarifa zinazofichwa ndani ya faili la picha. Kivinjari huisimamisha, lakini seva isiposoma EXIF hukata ile iliyolala. Mhariri anaona uso, msomaji anapata kiwiko. Izungushe picha mara tu inapopakiwa, ufute alama ya mwelekeo, ndipo uhesabu vipimo.