SOMO: Kabureta ya mashine ya majani ya kupanda inapolika shafti (Briggs za zamani)

Mvua za Novemba zikianza tu Tabora, swali ni lilelile: "Mashine imelala tangu Mei, sasa inawaka lakini inahema, inapanda na kushuka, nikiondoa choki inazima. Ninunue nini?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja.

Somo ni la injini za Briggs & Stratton za vali za pembeni zenye kabureta ya Flo-Jet ya vipande viwili. Kipande cha juu kina kipepeo cha akseleta (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) na shafti yake, cha chini kina bakuli. Kama yako ni ya aina nyingine, soma kwa kuelewa sababu, usifuate vipimo.

Kabla ya kushika spana

Safisha chujio la hewa, weka petroli mpya, angalia plagi (nafasi 0.76 mm). Injini inayohema kwa kawaida inakosa mafuta au inavuta hewa ya wizi. Ili kujua kama hewa inapita kwenye shafti, paka grisi nzito kwenye ncha zote mbili, pale shafti inapoingia kwenye mwili wa kabureta, kisha washa. Ikitulia dakika moja mbili halafu ikarudia kuhema, umempata mwizi. Isipotulia, paka kwenye kiungo cha kabureta na manifoldi. Usinyunyize petroli kupima. Ekzosi ya moto iko shibiri moja tu kutoka hapo.

Ukiwa na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), pima nafasi kati ya shafti na tundu lake. Ikifika 0.25 mm hakuna sindano wala jeti itakayokuokoa.

Kufungua

1. Funga koki ya mafuta, chomoa waya wa plagi.

2. Piga picha springi na fito za gavana (kifaa kinachodhibiti spidi ya injini) kabla ya kuzigusa. Matundu yanafanana, ukikosea tundu spidi inabadilika.

3. Toa kabureta nzima, mwaga mafuta.

4. Hapa ndipo kabureta zinapouawa, na yangu ya kwanza ilifia hapa. USITENGANISHE kipande cha juu na cha chini kabla ya kutoa nozeli. Nozeli imefungwa kwenye kipande cha chini, lakini imelala mshazari na kichwa chake kimeingia ndani ya kipande cha juu. Ukitoa skrubu za juu ukavuta, unapinda nozeli au unaharibu nyuzi zake, na hiyo huipati kwa fundi yeyote wa hapa. Utaratibu: toa sindano kubwa ya mchanganyiko pamoja na nati yake ya pakingi, kisha ingiza bisibisi humohumo ndani utoe nozeli. Bisibisi iwe na ulimi unaojaza mfereji wa nozeli bila kugusa nyuzi za pembeni. Ya kawaida ni pana mno, kwa hiyo nunua ya bei rahisi uinoe kwa tupa mpaka itoshe. Nozeli ikigoma, dondosha mafuta ya kulegezea kutu, iache ilale usiku. Mfereji ukishachanika, umekwisha. Nozeli ikishatoka ndipo utoe skrubu za kipande cha juu.

5. Toa boya, pini na sindano yake. Toa kipepeo: skrubu zake ndogo zimepondwa nyuma ili zisilegee, piga tupa sehemu iliyopondwa kwanza, la sivyo zinakatika. Weka alama upande wa juu wa kipepeo.

Kuosha

Loweka kwenye tina ya rangi saa kadhaa, bila mpira wala plastiki ndani yake. Matundu yapitishie uzi wa mshipi wa kuvulia au unyuzi mmoja wa waya wa umeme. Waya wa chuma unapanua tundu, na tundu likipanuka halirudi. Malizia na upepo wa kompresa.

Kutia bushi

Bushi ni pete ya kuziba nafasi kati ya shafti na tundu lililolika. Tundu halichakai duara. Springi na gavana huvuta shafti upande mmoja siku zote, kwa hiyo tundu linakuwa kama yai. Ukiingiza keekee ya mkono, ncha inafuata yai, na tundu jipya linahama na kukaa kombo. Matokeo yake kipepeo kinagusa ukuta na hakifungi. Peleka kwa fundi kerezo au tumia keekee ya kusimama, mwili umebanwa kwenye jiriwa yenye vipande vya mbao. Chukua kipimo kutoka upande wa tundu ambao haujalika. Toboa pande zote mbili kwa mbano uleule bila kuufungua katikati ya kazi.

Bushi ichongwe kwa shaba ya njano, ile ya koki za maji, ukuta wake kama milimita 1. Nje ibane kidogo, ndani ipishane na shafti kwa 0.03 hadi 0.05 mm. Ukipaka mafuta mepesi shafti iingie kwa kidole na kuzunguka yenyewe bila kuyumba. Pima shafti pia. Mara nyingi ina mfereji pale ilipokuwa ikisuguana, na bushi mpya kwenye shafti ya zamani ni kazi ya nusu. Chonga shafti mpya.

Tahadhari mbili. Bushi isitokeze ndani ya koo la kabureta. Na kabla ya kutoboa, angalia vitundu vidogo vya sailensa (mwendo wa chini wa injini akseleta ikiwa imeshushwa) vilivyo karibu na ukingo wa kipepeo. Ukiviziba kwa bushi au gundi, injini haitakaa sailensa.

Kipepeo kirudishe skrubu zikiwa legevu. Legeza skrubu ya sailensa, funga kipepeo kabisa, kigonge kidogo kijipange, ndipo ukaze. Ponda ncha za skrubu tena. Skrubu moja ikimezwa na injini, utanunua pistoni.

Kufunga

Bandika msasa namba 400 juu ya kioo, sugua uso wa kipande cha juu taratibu. Fila ya 0.05 mm isipite kati ya vipande viwili. Ikipita baada ya kusugua, mwili umepinda, tafuta mwingine.

Boya liwe sambamba na uso wa kabureta ukiwa umeigeuza kichwa chini. Lisipokuwa sambamba, pinda ulimi wake kwa koleo ndogo. Usisukume boya juu ya sindano.

Vipande viwili kwanza, nozeli baadaye.

Kuwashia: kutoka mwisho wa kufunga, sindano kubwa fungua mzunguko mmoja na nusu, ya sailensa mzunguko mmoja. Zikifika mwisho wa kufunga zisikazwe, ncha inapata pete na haitarekebishika tena. Injini ikipata moto kama dakika 5, kwenye spidi ya kazi, funga sindano kubwa mpaka ianze kuishiwa nguvu, ifungue mpaka ianze kunguruma vibaya na kutoa moshi mweusi, kisha rudi katikati ya hapo. Halafu shusha akseleta, weka sailensa mizunguko 1,750 kwa dakika (injini ya chuma cha kusubu, si alumini, 1,200), rekebisha sindano ya sailensa kwa njia ileile. Hakikisha visu vimezimwa na breki imekazwa muda wote.

MASWALI

Kijana wa Urambo: Mkuu nimepitia haraka haraka. Si nikaze tu springi ya gavana itulie?

Hapana. Gavana ndiyo inayozuia injini isipite mizunguko 3,600 kwa dakika. Soma tena, taratibu.

Mtoto wa Nzega: Gasketi sina, nimepaka silikoni. Iliwaka vizuri siku mbili ikafa.

Petroli inalainisha silikoni, vipande vinakwenda kwenye jeti. Fungua, osha upya, kata gasketi ya karatasi yenye unene uleule wa ile ya zamani.

Mtoto wa Nzega: Fundi wangu ndiye aliyesema niweke.

Basi mpe yeye aioshe.

Bi Bustani, Sikonge: Shikamoo fundi. Nimeelewa yai, lakini kwa nini shafti ilike wakati akseleta naiweka mahali pamoja nisiiguse?

Marahaba. Umeuliza vizuri. Wewe huigusi, gavana inaigusa. Kila majani yakiwa mazito inafungua, yakipungua inafunga, mara nyingi kwa dakika. Hewa ya wizi inayopita pembeni ya shafti haipiti kwenye chujio, inaingia na vumbi la mchanga wetu, na vumbi hilo linakuwa msasa. Kwa hiyo ikianza kulika, inazidi haraka. Tone moja la oili kila ncha unapoanza msimu linasaidia, lisizidi, maana oili nyingi inashika vumbi. Na kama una mashine mbili, linganisha shafti zao kwa mkono. Utajua ipi ianze.

Wa Kasulu: Mimi nina pampu ya maji yenye injini ya Honda aina ya GX160, inahema pia. Nitie bushi?

Usianze huko. Hiyo mara nyingi ni jeti ndogo ya sailensa imeziba. Ing'oe, iangalie kwenye mwanga, tundu lionekane duara safi. Kama shafti imelika kweli, kabureta nzima ya aina hiyo ni rahisi kuliko kazi ya kerezo. Bushi ni ya mashine ambazo kabureta yake haipatikani dukani.

Mzee wa Mashine, Kigoma: Naongezea. Kuna zinazozima baada ya dakika kumi, ukifungua kifuniko cha tenki zinawaka. Nyigu wa udongo wamejenga kwenye kitundu cha hewa cha kifuniko. Watu wanafungua kabureta bure.

Kweli kabisa mzee. Kitundu hicho kiangaliwe kwanza, hata kabla ya plagi.

Kijana wa Urambo: Sawa nimesoma yote. Yangu ilitoka Dar, ilikuwa safi kule, hapa inatoa moshi mweusi. Nilipaka grisi kwenye shafti, hakuna kilichobadilika.

Sasa umeuliza. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mafuta yaliyopimwa Dar yanazidi hapa. Hakuna cha kufungua. Funga sindano kubwa robo mzunguko, jaribu, endelea kuifunga kidogo kidogo kwa utaratibu niliouandika. Angalia na chujio.

Bi Bustani, Sikonge: Na wakati wa kiangazi niiache na mafuta ndani?

Funga koki, iache iwake mpaka izime yenyewe, kisha mwaga yaliyobaki kwenye bakuli. Petroli ya chupa za barabarani usiihifadhi kabisa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka bila doa, iliyochanganywa mafuta ya taa inaacha alama ya mafuta.