Jinsi ya kuwafundisha wanafunzi lugha ya sheria bila kuwalaza usingizi

Walimu wenzangu, hasa nyie mliotupiwa vipindi vya uraia na sheria hamjasomea, usiingie darasani ukaandika ubaoni "Sheria ni nini?" Mi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, madogo wakakopi mistari minne, wiki iliyofuata wakaniimbia mistari ile ile na hakuna aliyejua mtuhumiwa anatofautiana vipi na mshtakiwa.

Anza na kitu kilichopotea. Mi natumia kalkuleta. Asha kaiacha kwenye dawati, karudi haipo, imekutwa kwenye begi la Juma. Uliza: Juma ni mwizi? Darasa zima litaitikia ndiyooo, na hapo ndo somo limeanza. Sasa wachokoze, je kama Juma naye ana ya kwake inayofanana na hii na kachukua akijua ni yake? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, yani sheria inayotaja makosa na adhabu zake, haiangalii mkono tu, inaangalia na nia, yani kama kweli aliamini ni mali yake basi huo si wizi. Waache wabishane hata dakika kumi, usiwakatishe, maana wanachobishania hapo ndo kinaitwa ushahidi, na ile kalkuleta yenyewe ikiletwa mahakamani ni kielelezo. Neno lije wakati wanalihitaji.

Alafu tembea na Juma hatua kwa hatua. Polisi wanamshuku: mtuhumiwa. Kafikishwa mahakamani kasomewa shtaka: mshtakiwa. Mwizi bado! Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya 1977 inakataza kumtendea mtu anayeshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Wape kazi ya kuleta vichwa vya habari vinavyosema "mwizi akamatwa" wavirekebishe kwa kalamu nyekundu, wanaipenda hiyo kuliko kitu chochote.

Kuna maneno mawili mtaa umeyaharibu, yape muda. Dhamana: wengi wanaamini mtu akitoka kwa dhamana kesi imeisha au kahonga, wakati kesi iko pale pale na wadhamini wake wamebeba mzigo wa kuhakikisha anarudi. Na hukumu, wao wanajua ni kifungo tu, kumbe hata kuachiwa huru ni hukumu, adhabu inakuja baada ya kutiwa hatiani.

Jinai na madai usizichoreshe jedwali, tumia kalkuleta ile ile. Kwenye jinai kesi inaitwa Jamhuri (yani serikali) dhidi ya Juma, na Asha anabaki shahidi (hapo watashangaa sana, "si yake lakini mwalimu?"). Akitaka alipwe hela yake anafungua madai, yeye mdai, Juma mdaiwa. Jinai inatakiwa kuthibitishwa pasipo kuacha shaka, madai ni mizani imeelemea wapi.

Usisahau vineno vidogo. Andika "faini au kifungo au vyote kwa pamoja", kisha futa "au" weka "na", waambie waeleze Juma kapata hasara gani. Herufi mbili tu.

Kwa rufaa mi natumia kesi ya kweli, ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, wakati Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Rebeca akaenda Mahakama Kuu kupinga ruhusa hiyo ya Sheria ya Ndoa, akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Mabinti wa kidato cha pili hawasinzii hapo, nakuhakikishia.

Na usiogope kufundisha haya kwa Kiswahili eti mtihani ni kwa Kiingereza. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili miaka yote, na toka mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama na ya sheria.

Mwisho wapeleke mahakamani. Mkuu wa shule aandike barua mapema kwa hakimu mfawidhi, yani msimamizi wa mahakama hiyo, simu zizimwe, hakimu akiingia wote wasimame, na kesi za watoto msiziombe maana zinasikilizwa faragha. Kila mmoja mpe maneno matatu ya kuwinda, mmoja mdhamini, mwingine kielelezo, hivyo hivyo. Wa kwangu walikaa kwenye benchi asubuhi nzima na madaftari yao, na neno walilorudi nalo wote, ambalo sikumpa hata mmoja, lilikuwa "imeahirishwa".