Kabla ndege ya mizigo ya jeshi haijapaa: mambo ya kukagua ikiwa bado chini

Ndege ya usafirishaji ya jeshi ikianguka punde tu baada ya kupaa, wengi huuliza rubani alifanya nini hewani. Mimi huuliza kwanza kilichofanyika ilipokuwa imeegeshwa. Ikiwa futi mia chache juu ya ardhi, rubani hana kimo wala muda wa kurekebisha alichorithi kutoka chini.

Anza na mzigo. Karatasi ya uzito haitoshi: ijulikane mzigo umekaa wapi na umefungwaje. Tarehe 29 Aprili 2013, Boeing 747 ya kampuni ya kiraia, iliyokodiwa kubeba magari ya kivita ya jeshi la Marekani, ilipaa kutoka Bagram, Afghanistan, ikainua pua kupita kiasi na kuanguka. Wote 7 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walibaini kwamba angalau gari moja lilijinasua, likaserereka nyuma na kuharibu mifumo ya haidroliki (inayosogeza vidhibiti vya ndege kwa shinikizo la majimaji) na mtambo wa kuongozea mkia. Hivyo msimamizi wa mizigo asihesabu idadi ya mikanda tu, aangalie na pembe yake. Mkanda uliosimama karibu wima hulizuia gari lisinyanyuke, lakini haulizuii sana kurudi nyuma. Na ndege ikitua njiani kujaza mafuta, kila mkanda ukaguliwe upya. Kabla ya safari ile ya mwisho, kinasa sauti kiliwanasa wahudumu wa ndege hiyo wakizungumzia mkanda uliokatika. Mkanda ukikatika, kubandika mwingine si jibu; mzigo wote upimwe tena.

Kisha usukani. Usogezwe mpaka mwisho, mbele na nyuma, kushoto na kulia, huku ukitazamwa kwa macho. Ukaguzi huu huonekana wa kitoto, ndiyo maana hurukwa. Jalalabad, Afghanistan, Oktoba 2015, rubani wa C-130J, ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani, aliweka kasha gumu la miwani ya kuonea usiku mbele ya usukani ili vibao vya mkia vibaki juu, mizigo mirefu ipate nafasi ya kupakiwa. Ilikuwa usiku, chumba cha marubani kikiwa giza, na kasha likasahaulika. Ndege ilipanda wima mno, mabawa yakapoteza nguvu ya kuinua, na watu 14 wakafa, 3 kati yao wakiwa ardhini. Kitu chochote kinachozuia usukani kwa muda kitangazwe kwa sauti kinapowekwa, kitangazwe tena kinapoondolewa. Kama inawezekana, kisiwekwe kabisa.

Programu za kompyuta zinazoendesha injini nazo ni sehemu ya ukaguzi, hasa ndege ikitoka kiwandani au karakana. A400M, ndege ya mizigo ya kijeshi ya Airbus, iliyoanguka Seville, Uhispania, Mei 2015 ikiwa kwenye jaribio lake la kwanza, ilipaa huku data muhimu za injini tatu kati ya nne zikiwa zimefutika. Wanne kati ya sita waliokuwamo walikufa.

Abiria: mikanda ifungwe, mabegi yasizibe milango.

Mwisho ni kikosi cha zimamoto cha uwanja. Wakati wa kupaa matangi huwa na mafuta mengi, na ndege hizi huweza kubeba risasi. Nakala ya orodha ya mizigo na idadi ya watu ibaki mikononi mwa mkuu wa zamu kabla injini hazijawashwa, maana nakala iliyomo ndani ya ndege huungua nayo.