Mzigo hautoki mpaka salio liseme

Nauza raba za mtumba. Nachagua mwenyewe Kiboriloni, nafua, napiga picha kwenye ukuta wa nyumba hapa Majengo, Moshi, kisha natupia Instagram na status ya WhatsApp. Wateja wengi siwajui kwa sura: huyu yuko Dodoma, yule Mwanza, waliobaki Dar. Wao wanalipa kwa simu, mimi napeleka mzigo stendi. Yaani kati yangu na hasara ipo meseji moja tu ya malipo, na meseji yeyote anaweza kuiandika.

Somo hilo lilinigharimu pea tatu. Saa kumi na moja alfajiri mtu anapiga: dada fanya haraka, basi la saa kumi na mbili lisiniache. Meseji ikaingia: shilingi 105,000, namba ya muamala, salio jipya, kila kitu. Nikafunga mzigo, nikakimbia. Mchana nataka kumlipa mama wa belo, hela haitoshi. Kurudi kuisoma ile meseji vizuri, kumbe imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, siyo kwa jina la mtandao. Na hilo "salio jipya" lilikuwa kubwa kuliko hela yoyote niliyowahi kushika tangu nizaliwe. Usingizi mbaya jamani.

Tangu hapo siamini meseji, naamini salio. Kwa M-Pesa napiga *150*00#, naingia kwenye akaunti yangu, naangalia salio kabla sijagusa kamba ya kufungia mzigo. Ukiwa na programu ya mtandao wako, fungua orodha ya miamala, ulinganishe kiasi, jina na saa. Picha ya skrini aliyotuma mteja haihesabiki, hata akiwa shemeji yako. Mteja wa kweli nikimwambia "subiri kidogo mpendwa, naangalia" anasubiri. Anayefoka kwamba basi linaondoka, huyo namkagua mara mbili.

Kuna pacha wa meseji feki: "Samahani nimekosea, nirudishie kwa namba hii." Kama hela haikuingia, ukirudisha unatoa yako. Kama imeingia kweli, bado usitume kwa mkono wako, kwa sababu huenda ameshaomba mtandao umrudishie, ukajikuta umelipa mara mbili. Mwambie apige huduma kwa wateja, muamala ukarekebishwe huko. Namba ya tapeli iripoti kwenda 15040.

Sasa upande wa mteja, maana naye anaibiwa kwa jina lako. Chukua lipa namba ya biashara, acha kupokelea kwenye namba yako binafsi. Mteja akiingiza lipa namba, anaona jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo. Mimi nimeliandika juu kabisa ya ukurasa wangu: jina litakalotokea ni hili, likija jingine usilipe. Nimeliandika baada ya mtu kufungua ukurasa unaofanana na wangu, herufi moja tu imezidi, picha zangu zile zile mpaka ufa wa ukuta. (Wenye fremu, kagueni kibandiko chenu cha lipa namba kila asubuhi. Kubandika kingine juu yake ni kazi ya sekunde.)

WhatsApp nayo ifungeni. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna uthibitishaji wa hatua mbili, unaweka tarakimu 6 zako mwenyewe. Na ile namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 inayokuja kwa meseji usimsomee mtu, hata akisema anakuongeza kwenye kundi la kikoba. Akiipata anahamia kwenye WhatsApp yako na kuwatangazia wateja wako kwamba namba ya malipo imebadilika. Watalipa bila kuuliza, kwa sababu wanaona ni wewe. Halafu piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika.

Jambo moja tunalifanya wengi na linaniuma: kuposti meseji za malipo ili kuonyesha kwamba tunauza. Humo kuna jina kamili la mteja, namba yake, wakati mwingine namba ya muamala. Tapeli anampigia: "Mzigo wako umekwama stendi, ongeza 5,000." Mteja anaamini, maana nani mwingine angejua amenunua raba? Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, hayo ni mambo ya mteja. Ukitaka kujisifu, posti picha ya kiatu mguuni, tena kwa ruhusa yake.

Wanaopokea kadi ni wachache huku kwetu, zaidi ni wenzetu wanaopandisha wageni mlimani. Rafiki yangu alitumiwa na mgeni picha ya kadi, mbele na nyuma. Nilimwambia aifute, na mgeni aifute pia. Zile tarakimu tatu za nyuma, kanuni za kimataifa za usalama wa kadi za malipo (PCI DSS) zinakataza mfanyabiashara kuzihifadhi muamala ukishaidhinishwa, hata kwenye daftari. Mtumie linki ya malipo ya benki yako au ya kampuni kama Pesapal, ajaze mwenyewe. Na tunza ankara na mazungumzo yenu, kwa kuwa mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo benki kwake hata safari ikiwa imeshaisha.

Mdogo wangu ananisaidia kufunga mizigo, ila namba ya siri haijui. Jioni, kabla ya kusonga ugali, yeye anasoma kwenye daftari la kaunta, mimi nashika simu: jina, kiasi, muamala, tiki. Jina lisipopata tiki, raba zake zinalala sebuleni.