Kurefusha chasisi ya kichwa cha lori ili kivute tela la friji

Kichwa cha lori kilichozoea kuvuta tela la kontena hakiwezi kila mara kuunganishwa na tela la friji. Mashine ya kupoza hukaa mbele ya bodi, na lori linapokata kona kali, kona ya bodi au ya mashine hiyo huweza kugonga mgongo wa kebini. Mwenye gari huambiwa upesi kwamba dawa yake ni kukata chasisi na kuirefusha. Huenda ikawa kweli, lakini jibu hilo hutolewa na vipimo na hesabu, na fundi anayewasha grainda kabla ya kuvikamilisha anahatarisha maisha ya dereva na ya wote watakaopishana naye barabarani.

Anza na tela. Pima umbali kutoka katikati ya kingipini (pini iliyo chini ya tela, inayolishikiza kwenye kichwa) hadi uso wa mbele wa bodi, kisha chukua nusu ya upana wa tela. Zidisha kila kipimo kwa chenyewe, jumlisha majibu mawili, halafu tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: huo ndio umbali ambao kona ya mbele hufikia tela linapozunguka. Tela lenye upana wa mita 2.5 na kingipini iliyo mita 1.60 nyuma ya uso wa mbele hufikia mita 2.03, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mita 2.04, ndiyo maana vichwa vingi vya Ulaya vimetengenezwa vifupi. Kingipini ikiwa mita 1.80 nyuma, kona hufikia mita 2.19. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kona ya mashine ya kupoza, kisha chukua kipimo kilicho kikubwa zaidi. Ongeza angalau sentimita 15 za nafasi tupu, kwa kuwa kebini na tela hukaribiana lori linapopita kwenye tuta au shimo.

Tuseme basi kwamba zinahitajika mita 2.34, lakini kutoka mgongo wa kebini hadi katikati ya sahani ya tela, yaani sahani ya kichwa inayopokea kingipini, kuna mita 1.94 tu. Sahani inatakiwa kurudi nyuma sentimita 40. Swali la kwanza ni kama sahani yenyewe inaweza kusogezwa bila kugusa chasisi, na hapo ndipo uzito unapoingia. Chukua kichwa chenye ekseli mbili za nyuma, chenye mita 3.60 kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli hizo, na sahani iliyo sentimita 60 mbele ya katikati hiyo. Mzigo wa tani 15 juu ya sahani hugawanyika hivi: 15 mara 0.60, gawanya kwa 3.60, yaani tani 2.5 huenda mbele na 12.5 huenda nyuma. Ikiwa kichwa kitupu kina tani 5 mbele na 4 nyuma, utapata tani 7.5 mbele na 16.5 nyuma. Ukirudisha sahani pekee kwa sentimita 40, mbele hupata tani 0.83 tu za mzigo, na ekseli za nyuma hubeba zaidi ya tani 18. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 18 kwa ekseli mbili zilizoongozana na tani 8 kwa ekseli ya usukani, kwa hiyo lori hilo litakuwa limevuka kikomo kwenye mizani, na usukani wake utakuwa mwepesi kupita kiasi. Ukirefusha chasisi kwa sentimita 40 na kuiacha sahani palepale kuhusiana na ekseli za nyuma, mbele kutakuwa na takriban tani 7.25 na nyuma 16.75. Sasa kuna sababu ya kurefusha. Uzito wa kichwa chenyewe nao hubadilika kidogo, hivyo matokeo yathibitishwe kwenye mizani baada ya kazi.

Pima pia kutoka kingipini hadi kwenye miguu ya tela, uhakikishe kwamba mkia wa chasisi na madigadi hayataigonga lori likikunja kona.

Kabla ya kukata, fahamu chuma ulicho nacho. Malori mengi makubwa ya Marekani yana chasisi ya chuma kilichopitishwa kwenye moto kiwandani na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili kiwe imara zaidi, na joto la kuchomelea huua uimara huo. Chasisi ya namna hiyo haichomelewi. Hununuliwa vyuma vipya vya urefu kamili na kufungwa kwa bolti. Hata kwa chasisi za aina nyingine, kubadilisha vyuma vyote viwili ndiyo njia ninayoipendekeza pale fedha zinaporuhusu, kwa sababu haiachi kiungo katikati ya gari. Maelezo ya kiungo yanayofuata yanahusu chuma ambacho mwongozo wa mtengenezaji unaruhusu kichomelewe. Kama huna mwongozo huo, utafute kwanza.

Egesha kichwa kwenye sakafu iliyonyooka, kiegemeze juu ya stendi imara mbele na nyuma ya mahali pa kukata, na uhakikishe kwa pima maji kwamba kimelala sawa. Ondoa matangi ya mafuta, mitungi na mabomba ya upepo yaliyo karibu. Chomoa betri na plagi za kompyuta za injini, gia na breki. Waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea ufungwe karibu kabisa na kiungo, ili umeme usipite kwenye beringi wala springi.

Chasisi ina umbo la C, yenye ukuta uliosimama na mbawa mbili, ya juu na ya chini. Kata sehemu iliyonyooka kati ya gia na mabano ya springi ya nyuma, mbali na matundu ya bolti. Kipande cha kuongezea kiwe cha chuma cha aina na unene uleule. Chonga kingo kwa mshazari, acha upenyo wa milimita 2 hadi 3, na utumie rodi za 7018 au zenye nguvu zaidi kama mwongozo unavyotaka, zilizokaushwa kwenye oveni. Rodi za 6013 zinazouzwa kila duka la vyuma hazifai kwa kiungo hiki. Baada ya kushikiza tu, kabla ya kuchomelea kikamilifu, pima diagonali zote mbili (kona hadi kona) na umbali kati ya ekseli ya mbele na za nyuma upande wa kushoto na wa kulia. Vikitofautiana, lori litatembea kimshazari na kula tairi. Ukimaliza, saga kiungo kilingane na chuma, kisha kikaguliwe kwa rangi ya kuonyesha nyufa.

Kiimarisho, yaani chuma cha kuongezea kiungo nguvu, ndicho kinachoharibiwa zaidi gereji. Wengi hubandika bamba nene nje na kulichomelea pande zote, wakidhani wameongeza nguvu. Chasisi hujipinda safarini, na bamba la namna hiyo huuhamishia mpindo wote mwisho wake. Chunguza lori lililotengenezwa hivyo: utakuta mstari mwembamba wa kutu unaoanza kwenye ukingo wa bamba na kushuka kwenye ukuta, na huo ni ufa. Kiimarisho kikae ndani ya C, kivuke kiungo pande zote mbili, ncha zake zikatwe kwa nyuzi 45, na kifungwe kwa bolti za daraja la 10.9 kupitia ukuta pekee. Mbawa zisitobolewe, wala zisichomelewe kwa kukingama.

Propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka gia hadi ekseli za nyuma, nayo hurefuka. Kasi inayoanzisha mtikisiko wake hupungua kwa mraba wa urefu: propela ya mita 1.4 ikifanywa 1.8, kasi hiyo hushuka kwa karibu asilimia 40. Mara nyingi ni salama zaidi kuigawa vipande viwili na kuweka beringi ya katikati, huku misalaba (viungo vyake vinavyojikunja) ikipangwa kwa mwelekeo sahihi na propela ikifanyiwa balansi kwenye mashine.

Mabomba ya upepo yawe mapya, ya kipande kimoja kila inapowezekana, na nyaya za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa breki) ziongezwe kwa viunganishi visivyoingiza maji. Lori lenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuyumba lazima liandikiwe upya umbali wa ekseli, vinginevyo mfumo huo utakokotoa kwa kipimo cha zamani. Mwisho, lipelekwe kwa mkaguzi wa magari na kwa mamlaka ya usajili ili mabadiliko yaidhinishwe kabla ya kubeba mzigo, na bolti zote zikazwe tena kwa kipimo baada ya safari za kwanza.